Kimondo kiandikiwe kijiji chake kabla ya kutajiwa bei

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu aliwahimiza humu wakulima wa Mbozi na Momba wapekue mashamba yao watafute vimondo. Alisema gramu moja ya kimondo inaishinda dhahabu kwa bei, na kwamba tumeukalia utajiri bila kujua. Jumamosi iliyofuata watu kumi na mmoja walifika karakana kwangu na mawe kwenye viroba. Mmoja alikuwa ametoka Kamsamba, amelala stendi, na nauli alikuwa ameikopa kwa shemeji yake. Jiwe lake lilikuwa la volkano, jeusi tii, zuri kulitazama, la kawaida kabisa. Aliponiuliza, "Fundi, sasa hata elfu hamsini halipati?" nilikosa la kumjibu. Nikamwagizia chai na chapati mbili.

Kwa ajili yake ndiyo nimeshika kalamu. Mwandishi yule hakukosea kusema kwamba vimondo vinauzwa. Vinauzwa, na mimi mwenyewe nimenunua. Lakini alirukia bei akaacha yote ambayo mkulima anapaswa kuyajua kabla jiwe halijatoka mkononi mwake, na kubwa kuliko yote aliacha kusema habari ya kuandika mahali jiwe lilipookotwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwanjelwa, mwaka wa 27 huu. Natengeneza mageti, madirisha na matela ya pawatila. Tangu 2012, kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, benchi la mbele ya karakana linakuwa kijiwe cha watu wanane tunaopenda mawe yaliyotoka angani. Yupo mwalimu wa kemia, yupo mzee mstaafu wa TAZARA, yupo mama mmoja anayenunua kahawa Mlowo, yupo mchimbaji mdogo wa zamani wa Chunya, yupo kijana wa bodaboda, na wengine wawili wanaokuja wakipata nafasi. Tunabadilishana vipande, tunauziana, tunabishana mpaka giza linaingia. Vimondo vya kweli tulivyonavyo, vyote pamoja, vinaenea kwenye viganja viwili: kipande cha chuma cha Campo del Cielo kutoka Ajentina, gramu 41, kondraiti moja ya Sahara, yaani kimondo cha jiwe chenye punje za chuma ndani, gramu 63, na punje mbili za Chelyabinsk, kile kimondo kilichopasukia juu ya Urusi tarehe 15 Februari 2013, kikavunja vioo vya madirisha na kujeruhi watu zaidi ya elfu moja. Punje hizo tumezitia kwenye kichupa cha dawa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mvua za Mbeya zikianza Novemba, chuma kinaota kutu hata kikiwa kabatini.

Kile cha Ajentina alikinunua mzee wa TAZARA kwa fedha ya kiinua mgongo, kikaja kwa posta, na kwa mwaka mzima tulibishana kama tukikate au tusikikate. Mwisho akakubali. Kijana wangu wa kazi alikuwa tayari ameshawasha grenda, nikamzuia. Grenda inatia joto, na joto likizidi linaharibu kile hasa tulichotaka kukiona. Tukakata kwa msumeno wa mkono, kwa zamu, mwalimu akidondoshea maji. Kisha nikakipiga tupa, nikakipiga msasa, kutoka ule mkali mpaka ule laini kama karatasi. Mwalimu akaenda nacho uani, akavaa glovu, akakipaka asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti.

Mhariri, nimeshika chuma tangu nikiwa kijana wa miaka 19. Nimekata reli, nimekata springi za malori, nimekata shafti za meli ya ziwani. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mistari ilijitokeza yenyewe, mipana, inakatizana kwa pembe kama ukindu uliosukwa mkeka. Inaitwa mistari ya Widmanstätten, kwa jina la bwana wa Austria aliyeiona mwaka 1808. Hiyo ni nikeli na chuma vikijitenga polepole wakati chuma kinapoa ndani ya asteroidi, yaani mwamba mkubwa unaozunguka jua, na huko kupoa ni kwa nyuzi chache au makumi ya nyuzi kwa kila miaka milioni. Sisi mafundi tunapoza chuma kwa ndoo ya maji, dakika moja kimekwisha. Hakuna tanuru duniani la kusuka mkeka ule. Mzee wa TAZARA alikishika kile kipande akanyamaza muda mrefu, na wiki iliyofuata akaja na mjukuu wake amwonyeshe.

Sasa niseme jinsi nilivyotapeliwa, maana nisipolisema nitaonekana nawafundisha wengine kutoka juu ya mti. Mwaka 2015, kabla sijajua nusu ya haya, alikuja mtu na gari, amevaa koti, ana cheti chenye mhuri. Alikuwa na jiwe la kilo 3 na ushee, jeusi, zito, linashika sumaku. Akasema limeanguka usiku wa radi na kuua ng'ombe wawili. Nilimpa shilingi 850,000, fedha ya mabati ya nyumba yangu. Mke wangu hakunisemesha siku nne. Mwalimu alipokuja Jumamosi akalipiga nyundo pembeni, kipande kikaruka, ndani matundu matupu kama mkate. Akaniambia kwa upole, "Kaka, vimondo karibu vyote havina matundu ya hewa ndani. Haya ni mavi ya chuma."

Mavi ya chuma, kwa asiyejua, ni yale makapi yanayobaki tanuruni udongo wa chuma ukiyeyushwa. Na hapa ndipo hasara yangu ilipogeuka somo. Mama wa kahawa alilitazama lile jiwe akasema shambani kwa babu yake Mbozi yamejaa, watoto wanatupiana. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wafua chuma. Wafipa wa kule Sumbawanga walijenga matanuru ya udongo marefu kumzidi mtu, wakayeyusha chuma kwa makaa, wakatengeneza majembe yaliyolima nchi hii kabla jembe la dukani halijafika. Kwa hiyo nilichouziwa kama jiwe la angani kilikuwa kazi ya mikono ya mababu. Sikulitupa. Liko juu ya kabati, nimelibandikia karatasi: "Mavi ya chuma, yamkini Mbozi, limenunuliwa 2015." Hilo neno "yamkini" linaniuma hadi leo, maana yule mtu alinidanganya hata mahali alipolitoa.

Wanaoleta mawe kwetu hawaleti kwa ujinga. Nchi yetu hii ya kusini imejaa mawe yanayofanana na kimondo kuliko pengine popote. Liganga kule Ludewa kuna mlima wa madini ya chuma yenye titani na vanadi, jiwe lake linanasa sumaku mpaka unahangaika kuitoa. Rungwe na Ngozi zimetupa mawe ya volkano, meusi, mengine yana chembe za sumaku ndani. Chunya kuna gololi za karasha, yale matufe ya chuma ya kusagia mawe ya dhahabu. Yakichakaa na kupata kutu shambani, hata mtu mzima anaweza kuapa kwamba yametoka mbinguni. Mchimbaji wetu wa zamani ndiye anayeyatambua upesi. Anayashika tu, anasema, "Hii ya karasha," na hajawahi kukosea.

Kwa hiyo sumaku peke yake haisemi kitu. Tena ningeomba watu waache kulisugua jiwe kwa sumaku kali, kwa sababu kimondo cha kweli kinaweza kuwa kimehifadhi kumbukumbu ya usumaku wa kule kilikozaliwa, ya miaka zaidi ya bilioni 4, na sumaku ya spika ikikigusa tu kumbukumbu hiyo inafutika. Wataalamu wanalilalamikia sana hili. Sisi siku hizi tunaning'iniza kisumaku kidogo kwa uzi, tunakisogeza karibu na jiwe bila kuligusa, tunatazama kama uzi utapinda.

Baada ya hapo tunachukua kigae cha bafuni, tunakigeuza mgongo, upande usiong'aa, tunachora kwa jiwe. Likiacha mstari mwekundu wa kahawia kama udongo wa barabara ya kijijini, au mweusi kama penseli, karibu hakika ni madini ya chuma ya hapa hapa duniani. Kimondo kibichi kwa kawaida hakichori, au kinachora kidogo sana. Tunalitazama gamba: jiwe lililopita angani linaungua juu tu, linavaa ngozi nyeusi nyembamba kama ganda la yai, na mara nyingine lina vibonyeo kama unga uliobonyezwa kwa kidole gumba. Halafu mizani. Mchimbaji ana mzani wake wa dhahabu. Tunapima jiwe likiwa kavu, kisha tunalining'iniza kwa uzi ndani ya maji na kupima tena, tunapata ni zito mara ngapi kuliko maji. Jiwe la volkano linacheza karibu na 3, kondraiti za kawaida zinazidi hapo kidogo, jiwe kama la Liganga linaelekea 5, chuma kitupu kinafika 7.8. Mwisho kabisa, na kwa ruhusa ya mwenye jiwe, napiga tupa kona ndogo. Kondraiti nyingi zitaonyesha punje za chuma zinazong'aa ndani ya jiwe, zimetawanyika kama chumvi ya mawe kwenye unga.

Hata hivyo majibu ya kweli yanatoka maabara, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma. Kutoka Kamsamba mpaka Dodoma kwa ajili ya jiwe ambalo pengine si chochote, huo si mwendo wa mkulima.

Daftari letu la kijiweni lina mawe 214 tuliyoyapima tangu 2012. Kimondo hakuna hata kimoja. Naandika idadi hiyo kwa herufi za wino mweusi ili msomaji mwenzangu aione.

Lakini mtu asije akadhani kwamba kwa hiyo hapa kwetu hakuna kitu. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, Mhariri, unisamehe nikirefusha.

Kimondo cha Ndolezi, kule Mbozi, kila mtu anakijua, au anadhani anakijua. Mara ya mwisho nilikwenda na binti yangu, tukapanda Coaster ya Tunduma, tukashuka njiani tukachukua bodaboda. Kimelala pale kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kirefu karibu mita 3, juu ya kiguzo cha udongo kilichobaki walipokichimba pembeni. Bwana Nott, mpima ardhi, ndiye aliyekitangaza nje mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wanakijua kabla yake, na mwaka 1967 kikawekwa chini ya ulinzi wa serikali. Shimo la kuangukia halionekani, na hadithi ya wazee ya siku kilipoanguka haipo, kwa sababu kilianguka zamani mno na mvua na upepo vimelifuta kovu. Binti yangu aliuliza kwa nini wengine wanaandika tani 12 na wengine tani 16. Nikamwambia ni makadirio, nikakaa chini na kijiti tukapiga hesabu pale pale: mita moja ya ujazo ya chuma ina tani karibu 7.8, kwa hiyo tani 12 ni kama mita moja na nusu za ujazo, tani 16 ni kama mita mbili, na jiwe lenye umbo la kupindapinda namna ile litapimwaje kwa futi kamba? Kuna alama za msumeno pembeni, pale watu wa zamani walipokata sampuli. Nilizigusa nikajua mkono ulivyouma. Asilimia 90 ya kimondo kile ni chuma na 8 na zaidi ni nikeli. Chuma chenye nikeli hakikatiki kirahisi.

Hicho ndicho tunachojivunia, na ni haki yetu. Lakini waulize watu wa Mwanjelwa, Uyole, Vwawa, habari ya Ivuna. Watakuambia chumvi. Ni kweli, Ivuna ya Momba ni ya chumvi tangu enzi na enzi. Lakini tarehe 16 Desemba 1938 jiwe liliangukia kule, lote likiwa na uzito wa kama gramu 700, uzito wa mfuko mdogo wa sukari uliopunjwa. Jiwe lile ni la aina adimu kupita kiasi. Hazifiki kumi na mbili zilizopatikana duniani kote zikishuhudiwa zikianguka au kuokotwa baadaye. Ndani yake, ukiacha gesi nyepesi, vitu vimechanganyika kwa kadiri ile ile vilivyochanganyika ndani ya jua. Yaani ukitaka kujua jua na sayari zimekandwa kwa unga gani, unashika jiwe la Ivuna. Asilimia 20 hivi ya uzito wake ni maji yaliyofungwa kwenye madini ya udongo.

Na wanasayansi walipotaka kuipa aina hiyo jina, waliiita CI. Ile I ni Ivuna. Kata ya Momba! Wajapani walipotuma chombo cha Hayabusa2 kwenye asteroidi ya Ryugu, kikarudi Desemba 2020 na gramu 5 na kitu za vumbi, jibu waliloliandika ni kwamba vumbi lile linafanana na jamaa ya Ivuna. Mtu aliyeko Tokyo au London analitamka jina hilo kazini kila siku. Kipande kimoja kikubwa cha Ivuna kilinunuliwa na makumbusho ya London mwaka 2008 kutoka kwa mkusanyaji binafsi wa Marekani, na kinatunzwa ndani ya nitrojeni kisiguswe na hewa. Nimeishi upande huu huu wa nchi kilikoanguka, maisha yangu yote, na sijawahi kukiona hata kwa picha ya ukutani.

Fikiria pia tarehe. Desemba ni mvua kwetu. Jiwe la aina ile ni laini, linamegeka upesi, na maji yanalimong'onyoa likawa tope. Lingekaa msimu mmoja tu kwenye udongo wa Ivuna, leo pasingekuwa na gramu hata moja, na aina nzima ya mawe ingeitwa jina jingine. Mtu aliliona, akaliokota, na mahali na tarehe vikaandikwa. Vivyo hivyo Peramiho kule Songea: tarehe 24 Oktoba 1899, mwaka mmoja tu baada ya misheni kufunguliwa, lilianguka jiwe la gramu 165, la jamaa ya mawe yanayoaminika kutoka asteroidi ya Vesta. Gramu 165! Ni jiwe la kufichwa kwenye ngumi. Lakini limeandikwa Peramiho na litakuwa Peramiho siku zote.

Linganisha na lile kubwa la sayari ya Mirihi lililouzwa mnadani New York Julai 2025 kwa zaidi ya dola milioni 5. Kilo 24 na ushee, jiwe kubwa kuliko yote ya Mirihi yaliyopata kuokotwa duniani. Liliokotwa Niger mwaka 2023. Jina lake ni Northwest Africa 16788. Ndivyo yanavyoitwa maelfu ya mawe ya Sahara, Afrika Kaskazini Magharibi na namba, kwa sababu yanapitia mikono mingi na mahali pa asili hapaandikwi sawasawa. Serikali ya Niger ilianza kuchunguza limetokaje nchini wakati nyundo ya mnada imeshalia. Hata ile kondraiti yetu ya gramu 63 ni ya namna hiyo. Ina namba ya muuzaji tu. Tunaipenda, lakini kila mtu akiuliza "Ya wapi hii?" tunajibu "Ya Sahara," kama mtu anayesema ndugu yake anaishi ng'ambo.

Kijana wetu wa bodaboda hakubaliani nami, na si vema nikamficha. Yeye anasema, "Mzee, mwenye njaa hali jina la kijiji. Akipata mnunuzi wa kwanza amuuzie, ada ya watoto ilipwe." Nimemsikiliza miaka mitatu. Ana haki ya kusema hivyo, amelea wadogo zake wanne kwa pikipiki ya mkataba. Jibu langu nilimpa mwaka jana, naye hajalipangua bado. Wakusanyaji, hao hao wenye dola, wanalipia zaidi jiwe linalojulikana lilipoanguka, siku lilipoanguka, na lililopimwa na kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa. Kondraiti ya Sahara isiyoandikishwa inapatikana kwa karibu dola moja kwa gramu, pengine chini ya hapo, wala haikaribii dhahabu hata kidogo. Kondraiti ya namna ile ile iliyoonekana ikianguka, yenye jina la kijiji, bei yake inapanda mara kadhaa. Kwa hiyo anayemnunulia mkulima jiwe haraka haraka bila kuandika anamnyang'anya fedha pia. Anajua atakachokwenda kukiandika mwenyewe mbele ya safari.

Tena orodha hiyo haidai jiwe lote. Ili kimondo kipewe jina, inatakiwa sampuli ya gramu 20, au asilimia 20 ya uzito kama jiwe ni dogo, ikae kwenye taasisi inayotunza mawe kwa ajili ya utafiti. Zinazobaki, nani mwenye haki nazo, hilo ni la sheria za nchi na sitaki kujifanya hakimu. Mimi nasemea zile gramu 20. Natamani zibaki Tanzania.

Ninachoomba ni kidogo. Gazeti lako, likichapisha habari ya mtu aliyeokota kimondo, lisitangulize bei kabla ya vipimo. Wanaosimamia Ndolezi, ambao sasa ni Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, watenge meza moja pale, mzani mmoja, kigae kimoja na daftari, ili mtu wa Kamsamba asiende mbali zaidi ya hapo kupata jibu la kwanza. Kijiwe chetu kiko tayari kukaa kwenye meza hiyo Jumamosi mbili kwa mwezi bila malipo, nauli tutajitegemea. Na pawepo siku moja, hata kwa kuazimwa London, punje ya Ivuna kwenye kioo, karibu na watu wa Ivuna. Tarehe 30 Juni kila mwaka dunia inaadhimisha Siku ya Asteroidi. Ingependeza mtoto wa shule ya Momba asimame siku hiyo aseme I ya CI ni ya kwetu.

Na wewe uliyeokota jiwe leo: usilioshe. Usilisugue kwa sumaku. Lifunge kwa karatasi safi ya aluminiamu ya jikoni au kitambaa kikavu, piga picha pale pale lilipolala kabla ya kulinyanyua, weka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, andika kijiji, kitongoji, jina la mwenye shamba, saa na siku, ukamwonyeshe mwenyekiti wa kijiji. Kama uliliona likianguka, andika pia lilitokea upande gani na kama ulisikia mlio. Hilo hakuna maabara itakayolijua bila wewe.

Kati ya wale kumi na mmoja waliokuja, mmoja alikuwa mama wa makamo kutoka Mbozi. Alilifunga jiwe lake kwenye kipande cha khanga, akalifungua juu ya benchi langu kwa mikono miwili. Mavi ya chuma. Nilimweleza, nikajua atavunjika moyo. Akaniuliza tu, "Kwa hiyo hawa ni babu zangu ndio walioyeyusha?" Nikamwambia naam, mama. Akasema mengine yamejaa karibu na kichuguu nyuma ya migomba, pamoja na vipande vya mirija ya udongo uliochomwa. Hivyo ni vipulizio vya tanuru, Mhariri, mirija ya kuingizia hewa. Tanuru lilisimama pale.

Tumemwandika daftarini, jiwe namba 214, kitongoji chake na jina la mwenye shamba. Jumamosi ya kwanza baada ya kuvuna mahindi tunakwenda kijiwe kizima, na mwalimu ameahidi kuleta kamera ya shule. Coaster inaondoka stendi ya Mwanjelwa saa kumi na mbili asubuhi. Yule ndugu aliyeandika barua ya bei, akiwa anasoma hapa, nafasi yake ipo na nauli nitamlipia mimi.

Msomaji wako,
Fundi wa kuchomelea,
Mwanjelwa, Mbeya